Kisiwa cha Sista na Kisiwa cha Papa

Harufu ya rasta zinazochomwa ncha kwa kibiriti cha gesi hainipiti hivi hivi. Wengine wakisikia mkate unaiva wanakumbuka kwao. Mimi nikisikia nywele za bandia zinaungua, hata kwenye saluni nisiyoijua, katika mji nisiokaa, miguu inakataa kuendelea. Nasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichotumwa, mpaka wasusi waulize, "Dada, unasuka au unatuchungulia?" Wiki iliyopita nilisimama hivyo nikajikuta nacheka peke yangu, macho yamelowa. Nikasema basi, hili nitaliandika kabla halijanitoroka, maana Mama naye siku hizi ukimuuliza ya zamani anakujibu, "Mwenye kumbukumbu ni wewe. Mimi niulize mambo ya chakula."

Tulikuwa tunakaa South Beach, Durban, mimi na Mama, kwenye ghorofa refu lenye lifti iliyofanya kazi siku ilipojisikia. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimekatwa katikati kwa pazia la maua. Upande wa pili wa pazia alikaa Mama Esperance, mwanamke wa Bujumbura, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya ziwa naye akaitika. Yeye na Mama walisuka nywele katika saluni moja mjini. Jioni walirudi na harufu ile ile, nyuzi za rasta zimewaganda kwenye sketi, kwenye soksi, na kesho yake unazikuta kwenye wali. Nilikuwa umri wa kung'oka meno ya mbele, nikidhani kila nyumba duniani ina nywele kwenye wali.

Nilikuwa na dada. Hilo nililijua kama mtu anavyojua ana figo: nimeambiwa, sijaiona. Faida alizaliwa na moyo wenye tundu. Kwetu Bukavu masista wa misheni walimchukua, wakampeleka kisiwa cha Malta kupasuliwa, wakasema baada ya miezi michache atarudi. Wakati huo Papa, baba yetu, alishatangulia Cyprus kutafuta maisha, anabeba matofali kwenye majengo ya watu. Sisi tuliiita Kipro, kama inavyosomwa kanisani, na mpaka leo ulimi wangu haujazoea jina lingine. Halafu vita vikaingia. Mama alinishika mkono, pengine akanibeba, tukavuka nchi moja baada ya nyingine mpaka bahari ya Durban ikatuzuia. Masista walipotafuta habari zetu Bukavu hapakuwa na mtu wa kujibu. Familia yetu ilikuwa imetawanyika kama maharage yaliyomwagika sakafuni, na kule Malta wakaamini mtoto yule hana tena wazazi. Familia moja ya kisiwani, watu wema sana, ikampenda, ikaomba awe wao, achukue na jina lao.

Papa ndiye aliyewapata masista. Jinsi alivyowapata ni hadithi yake mwenyewe, na kila mwaka akiisimulia inarefuka. Ninachojua ni kwamba sista mmoja, yule aliyemuuguza Faida tangu atoke chumba cha upasuaji, alikubali jambo moja. Angempandisha ndege kutoka Malta mpaka Larnaka, kwenye kiwanja cha Kipro, kwa siku moja tu. Mtoto amwone baba yake, aone anapolala, wale pamoja. Akikubali kubaki, abaki, na Papa atafanya mpango wa kumleta Durban. Akikataa, atarudi na Sista kwa ndege ya jioni, na ile familia ya Malta itaweka sahihi. "Sitamlazimisha," Sista alimwambia Papa. "Mtoto huyu ameshalazimishwa vya kutosha." Mama alipoambiwa maneno hayo hakuyapinga. Alisema tu kwamba yule mwanamke ana haki, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Kwa hiyo Mama alikuwa na siku moja ya kumpata mtoto wake au kumpoteza, na siku hiyo ingepita mahali ambapo yeye hayupo. Hilo nililielewa hata na udogo wangu. Nililielewa kutokana na namna alivyoacha kuimba akisuka.

Habari zote hizi zilitufikia kupitia duka la simu lililokuwa chini ya ghorofa letu. Aliyelisimamia ni Deo, kijana wa Uvira, mwembamba kama ufito, ambaye alijua siri za ndoa zote za Wakongomani wa South Beach na hakuwahi kufungua mdomo. Alikuwa na vibanda vya mbao vyenye simu, na ukutani ametundika saa tatu, chini ya kila moja kibao: Durban, Kinshasa, London. Nilizionea huruma saa zile. Hazikupatana hata siku moja. Nikaamua kwamba mbili zimeharibika na Deo hana moyo wa kuzitupa, na nikamheshimu zaidi kwa ajili hiyo.

Siku Papa alipopiga kutuambia safari, mimi na Mama tulibanana ndani ya kibanda kimoja. Mama alirudia kila neno kwa sauti ili nilishike, kwa sababu yeye akiwa na hofu husahau hata jina lake. Ndege inatoka Malta saa nne asubuhi. Inafika Larnaka saa saba na nusu mchana. Ile ya kurudi inatoka Larnaka saa kumi na mbili jioni. Inafika Malta saa moja na nusu usiku. "Umeshika?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa, na tukapanda ngazi mimi nikiimba zile saa kama wimbo wa shule.

Ngazi zetu zilikuwa nyingi, nami nilikuwa mtoto wa kupenda hesabu. Kabla hatujafika juu nilikuwa nimeshajumlisha kwa vidole, nikagundua jambo. Kwenda ni masaa matatu na nusu. Kurudi ni saa moja na nusu tu. Nikarudia, vidole vikanijibu vile vile.

Sasa mtoto mwingine angeshangaa. Mimi sikushangaa hata kidogo, kwa sababu nilikuwa naijua njia ya Morningside. Jumamosi Mama alikwenda kumsuka mteja nyumbani kwake kule juu ya kilima, na mara nyingi alinichukua. Kupanda kulikuwa kazi: tunasimama, tunatweta, Mama anaweka begi chini, anashika kiuno, anasema eish, tunaendelea. Jua linachoma, viatu vinabana, na nyumba nzuri zimejificha nyuma ya kuta kana kwamba zinaona aibu kwa jinsi tunavyohangaika. Lakini kurudi! Kurudi tulikuwa karibu kukimbia, barabara yenyewe inatusukuma mgongoni, na bahari inafunguka mbele yetu yote kabisa. Kwa hiyo nilielewa mara moja. Kipro iko juu, Malta iko bondeni. Bahari ya kule imeinama, na ndege inayokwenda kwa Papa inapanda mlima.

Nilimwambia Mama kwa furaha, nikidhani nimemletea zawadi. Alikuwa anachambua rasta kitandani, anazigawa mafungu. Mkono ukasimama.

"Hesabu tena," akasema.

Nikahesabu tena.

"Kwenda inapanda na kurudi inateremka?"

"Ndiyo, Mama. Kama Morningside."

Mama hakuwa mjinga, na sidhani aliamini kwamba bahari ina mlima. Lakini saa zilikuwa ni zile zile, za Papa mwenyewe. Akasema polepole, kama anazungumza na rasta, "Kitu kinachoteremka nani atakizuia?"

Mama Esperance akafunua pazia. Pazia lile halikuwahi kumzuia kusikia lolote. "Mlima gani? Baharini haiko mlima! Ni upepo. Hata yule mtume wa Biblia, merikebu yake si ilipita karibu na Kipro, halafu upepo ukaisukuma, ukaisukuma, mpaka ikaenda kuvunjika Malta? Tangu zamani, upepo wa huko unapeleka watu Malta."

"Esperance," Mama akasema, "unanifariji au unaniua?"

"Ninakuelezea!"

"Basi usinielezee."

Kesho yake Deo naye aliulizwa. Alikuna kidevu akasema pengine ndege ya kwenda inapita kwanza mahali pengine kuokota abiria, kama taxi ya Mobeni, yale mabasi madogo ya asubuhi, inasimama hapa, inasimama pale, inangoja kila taa ya barabarani, wakati ya kurudi jioni inakuja moja kwa moja maana dereva ana njaa. Hili lilimpendeza Mama kidogo. Lakini Mama Esperance akauliza, kati ya Malta na Larnaka, katikati ya maji, wanaokota abiria gani, samaki? Deo akasema sharp, yaani sawa, mama, mimi ni mtu wa simu tu, na akaenda kumfungulia mteja kibanda. Hakuna aliyeinua macho ukutani. Saa ya Kinshasa ilikuwa pale juu yetu, inatembea taratibu nyuma ya saa ya Durban, inatupa jibu bure.

Kulikuwa na jambo lingine, la ufagio. Kwetu msafiri akitoka hufagii nyumba mpaka usikie amefika. Ukifagia unamfagilia njia, anapotea, au anafika na mambo yake yanakataa. Bibi yangu alishika hilo kuliko amri za serikali. Mama alisema ufagio hautaguswa tangu Faida aondoke mpaka simu ya Papa iingie. Mama Esperance, ambaye alipenda usafi kuliko amani, akajenga hoja.

"Lakini msafiri hatoki kwako! Anatoka kwa masista. Wasiofagia ni wao."

Mama alifikiri. Jioni ile ile alishuka kwa Deo, akampigia Papa, na mbele ya watu waliokuwa wanangoja zamu akasema, "Mwambie Sista asifagie chumba cha mtoto mpaka wafike. Hata kitanda asikitandike." Sikusikia Papa alijibu nini. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba aliona haya, hakumwambia Sista kitu. Mama hakuongea naye siku nzima kwa ajili ya hilo, ingawa sisi wote tulikuwa tumekaa meza moja, tuna afya, tunakula.

Siku yenyewe ilikuja na joto la Januari, joto la Durban linalokaa juu ya ngozi kama shuka mbichi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama alikuwa amemsuka Mama Esperance upya kwa heshima ya siku, hivyo sakafu nzima ilikuwa imejaa nyuzi nyeusi na vipande vilivyokatwa, na hakuna ruhusa ya kufagia. Nilitembea juu yake pekupeku, nywele zinaninasa vidoleni. Dirisha lilikuwa na ukungu wa chumvi kama siku zote. Chini watu wa likizo walipita na taulo mabegani, wanacheka, na nilikasirika nao kweli kweli. Niliona ni wakosefu wa adabu kucheka siku ile.

Saa nne kamili kwa saa ya Deo, ambayo nilitumwa kuiangalia, Mama na Mama Esperance walipiga magoti. Hawakuwa wamekula tangu jana. Mama Esperance aliomba kwa ukamilifu: aliombea mabawa, akaombea matairi, akaombea rubani na mke wa rubani wasigombane asubuhi ile, akaombea mafuta yawe safi. Mama alikuwa na neno moja tu. Aliweka kiganja sakafuni, juu ya zile nywele, akasema, "Mnyanyue. Mnyanyue mwanangu. Mnyanyue." Niliposikia hivyo nilijua anaufikiria mlima wangu. Basi nililala chali, nikaweka nyayo ukutani, nikasukuma. Nilisukuma kwa nguvu zote, mpaka mapaja yakatetemeka, kusaidia ndege ipande. Hakuna aliyenikataza. Mpaka leo nikikumbuka vile wanawake wawili wazima walivyoniacha nisukume ukuta bila kunicheka, nawapenda upya.

Ilipofika saa saba na nusu Mama aliinuka, magoti yamechorwa alama za nywele. "Wamefika," akasema. "Au hawakufika." Papa alikuwa ametuambia atapiga mara moja tu, jioni, ndege ya kurudi ikishaondoka, kwa sababu kabla ya hapo hana jambo la hakika la kusema. Mama Esperance alikwenda saluni kuwahudumia wateja wote, wake na wa Mama. Mama akabaki. Hakupika. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, mikono ambayo sikuwahi kuiona haifanyi kitu.

Nilimuuliza, "Mama, Faida akiteremka tena, utanipenda mimi peke yangu?"

Nilidhani ni swali la kumfariji. Alinivuta, akaniweka kidevu utosini, akasema, "Wewe nakupenda peke yako tayari. Na yeye nampenda peke yake. Haiko mchanganyiko." Nilitosheka na jibu hilo kwa maisha yangu yote.

Saa kumi na mbili tulikuwa kwa Deo. Jua lilikuwa bado liko, linapiga kioo cha duka. Kila simu ilipolia Mama alisimama, na kila mara ilikuwa ya mtu mwingine: mwanamke anaomba kuongea na mume wake, kijana wa Lubumbashi anatafuta kaka yake. Mama alikaa, akasimama, akakaa. Deo alikuwa amezoea kufunga mapema siku za joto kama ile akacheze mpira ufukweni na wenzake. Wenzake walipita, wakagonga kioo, akawapungia waende. "Kawia ufike, mama," alimwambia Mama, akamletea soda. Mama aliishika tu, haikufunguliwa. Mimi niliangalia ule mshale wa dakika, nikamwona Faida kichwani mwangu anateremka bahari, sketi inapepea, anakimbia kama sisi tunaporudi kutoka Morningside, na hakuna wa kumdaka.

Simu ikalia. Deo akasikiliza, akasema, "Ndiyo, baba. Iko hapa. Iko hapa kabisa," na akanyoosha mkono kuelekea kibanda cha kwanza.

Mama alichukua simu kwa mikono miwili. Nilijibana chini ya kiwiko chake. Nilisikia sauti ya Papa ikizungumza, ndefu, haisimami, na Mama hasemi hata neno. Uso wake haukunionyesha kitu. Nikaanza kulia kimya kimya, kwa sababu nilijua kwamba mtu akiongea hivyo bila kujibiwa anatoa habari mbaya. Ndivyo tulivyoambiwa habari za babu. Halafu kukawa na kelele ya simu kubadilisha mikono, na ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya msichana, inayokanyaga Kiswahili kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga mawe ya mtoni.

"Mama," ikasema. "Huyu Papa hajui kupika. Ameunguza wali."

Mama alicheka. Sijui kama ni kucheka. Aliegemea mbao za kibanda, akateleza mpaka chini, simu bado sikioni, akasema, "Weka maji kidogo. Funika. Usikoroge, unasikia? Usikoroge, mwanangu." Na kule upande wa pili, katika chumba cha Larnaka ambacho sijakiona mpaka leo, dada yangu alimwambia baba yangu kwa Kiswahili asikoroge. Mama aliusikia mfuniko ukiwekwa. Aliniwekea simu sikioni na mimi nikausikia, au nilitaka kuusikia. Sista alikuwa ameshaondoka peke yake. Kabla ya kupanda ndege alikuwa amembusu Faida kwenye paji la uso na kumwachia begi lake zima. Deo alizima taa ya nje ili asije mteja mwingine, akageuka ukutani, akajifanya anarekebisha waya.

Usiku ule Mama alifagia hadi chini ya vitanda, upande wetu na upande wa Mama Esperance, huku Mama Esperance anashangilia.

Walichelewa kuja, si kama tulivyotarajia, karatasi zina mwendo wake. Lakini walikuja. Walishuka kiwanja kile cha zamani cha kusini, ng'ambo ya viwanda vya Mobeni, Papa na begi moja, na msichana mrefu mwenye kovu linalochungulia kwenye shingo ya blauzi, ambaye aliniangalia akasema, "Kumbe wewe ni mdogo hivi?" Nikachukia hapo hapo, na tukawa ndugu. Nawashukuru wote. Namshukuru Sista, aliyempeleka kwa mkono wake mtoto aliyempenda ili ampoteze. Naishukuru ile familia ya Malta, ambayo haikukasirika, na ambayo mpaka Faida anaolewa ilikuwa inamtumia kadi kila sikukuu. Nyumba yao ilibaki na nafasi yake tupu, na sisi tukashiba.

Ile hesabu yangu nilikuja kuielewa sekondari, mwalimu wa jiografia alipoeleza kwamba jua linawafikia watu wa mashariki kwanza. Niliomba ramani, nikapima. Kutoka Malta hadi Larnaka ni kilomita kama elfu moja na mia saba, karibu sawa na barabara ya kwenda Cape Town, na ndege inatumia masaa mawili na nusu hivi. Kwenda ni mawili na nusu, kurudi ni mawili na nusu. Saa ya Kipro imetangulia ya Malta kwa saa moja, basi. Kila kiwanja kinasoma saa yake. Haiko mlima, hauko upepo, wala hawaokoti abiria katikati ya maji. Niliona haya, halafu nikacheka, halafu kwa sababu zisizoeleweka nikasikitika kidogo kuupoteza ule mlima.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Krismasi moja, tukiwa wakubwa, tumejazana kwa Mama, nililitoa mezani kama kichekesho. Niliwaeleza habari ya saa mbili tofauti. Nikaendelea, kwa sababu nikishaanza sijui kusimama: Durban wakati ule wa mwaka ilikuwa inakwenda saa sawa na Kipro, si na Malta. Kwa hiyo saa nne yetu haikuwa saa nne yao. Mama na Mama Esperance walipopiga magoti, ndege ilikuwa bado imekaa chini. "Mliombea ndege tupu!" nikasema. "Saa nzima! Mabawa, matairi, na mke wa rubani! Na mimi nasukuma ukuta!"

Wote wakacheka. Papa alicheka mpaka akashika mbavu. Faida hakucheka.

"Saa nzima kabla haijaondoka?" akauliza.

"Saa nzima."

Aliweka kikombe chini. Akasema jambo ambalo hakuwahi kutuambia, si kwa kuficha, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Asubuhi ile, kiwanja cha Malta, alikataa kupanda. Ndege ya kwanza maishani mwake ilimpeleka kupasuliwa kifua, na alipoiona ile nyingine kupitia kioo alijua wanampeleka kupasuliwa tena, na hadithi ya baba ni hila ya kumfanya asilie. Alikaa chini. Sista alimbembeleza, akakataa. Wakaja watu wa kiwanja na peremende, akakataa. Abiria wakaanza kupita mmoja mmoja na yeye yuko sakafuni, ameshika mguu wa kiti kwa mikono miwili. Sista mwishowe alinyamaza, akakaa naye pale chini na kanzu yake nyeupe, akamwambia basi, tutarudi nyumbani.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nikainuka."

"Kwa nini?"

"Sijui. Hakuna kilichotokea. Niliachia kile kiti, nikainuka, nikamwambia Sista twende. Walikuwa karibu kufunga mlango."

Papa aliacha kutafuna. Nilimgeukia Mama, aliyekuwa anamegea wajukuu nyama kwenye sahani zao kana kwamba haya yote ni habari za hali ya hewa.

"Mama, umesikia? Tulianza kuomba saa nzima mapema."

Hakuinua macho.

"Mapema gani?" akasema. "Tulianza kwa wakati."